Nusu Saa Isiyo na Hotuba

Muhula ukifika wiki ya tisa au ya kumi, vyuo vya Kakamega huanza kuhutubia. Mkuu wa idara huita darasa zima ukumbini. Msimamizi wa masuala ya wanafunzi huja na orodha ya waliokosa vipindi. Mhadhiri wa hesabu naye hutenga robo saa ya kipindi chake kuwakumbusha vijana kwamba mtihani haujui wewe ni mtoto wa nani. Vijana hutikisa vichwa, hupiga makofi, kisha hurudi kwenye vyumba vyao vya kupanga Lurambi na Kefinco. Matokeo yakitoka, majina kwenye orodha ya sapu, yaani mitihani ya kurudia, huwa karibu yale yale ambayo walimu wangeyataja tangu mwanzo wa muhula.

Hotuba hizo hazina ubaya, na yanayosemwa humo ni kweli. Ila anayezipokea ni yule aliyekuwa akisoma tayari. Aliyelengwa ameketi nyuma kabisa akichezea simu, au hakufika kwa kuwa saa hiyo yuko stejini akisubiri abiria. Huyu hata umhutubie mara ya tatu hutamfikia. Anahitaji mtu mmoja aketi naye nusu saa, amuulize, amsikilize, kisha amrudie baada ya wiki moja au mbili kumuuliza yale waliyokubaliana yamefika wapi. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, na kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko mengine yote.

Nawaandikia walimu wa Masinde Muliro, wa Sigalagala, wa KMTC, wa Bushiangala na Shamberere, pamoja na wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne ambao wadogo zao huwaendea kwa siri kuwauliza mambo. Wazee wa Magharibi waliochanga kwa harambee hadi WECO, chuo kilichokuja kuwa Masinde Muliro, kikaanzishwa mwaka 1972 walitaka watoto wao wasome karibu na nyumbani. Chuo hicho kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, na leo darasa moja lina kijana wa Shinyalu, wa Lodwar, wa Kisii na wa Kwale, kwa sababu KUCCPS inapogawa nafasi za vyuo haiulizi kwenu ni wapi. Wengi wao ndio wa kwanza kwao kufika chuoni. Mmoja wao akipiga simu nyumbani kusema ana sapu, mama anaomba Mungu na baba anauliza kama hiyo nayo ina karo yake. Hakuna mtu upande wa pili wa simu anayejua muhula wa chuo unavyokwenda.

Je, kuketi na mtu mmoja mmoja kunasaidia kweli, au ni mtindo tu? Eric Bettinger na Rachel Baker wa Chuo Kikuu cha Stanford walichunguza wanafunzi 13,555 wa vyuo 8 vya Marekani. Wengi wao walikuwa watu wazima wenye kazi na familia. Baadhi walipangiwa kwa bahati nasibu mtu wa kuwapigia simu mara kwa mara na kuzungumza nao kuhusu ratiba, pesa, watoto na masomo, na wengine hawakupangiwa. Katika kila wanafunzi 100, waliopigiwa simu walibaki chuoni takriban 5 zaidi, na tofauti hiyo ilikuwa bado ipo mwaka mmoja baada ya simu kukoma. Watano katika mia wanaweza kuonekana wachache. Mwalimu mwenye darasa la watu 140 apige hesabu: hao ni vijana saba ambao wangekuwa wamerudi kwao.

Utafiti wa pili unatugusa zaidi sisi tunaopenda kutuma ujumbe kwenye kikundi cha WhatsApp na kuona tumemaliza kazi. Philip Oreopoulos na Uros Petronijevic, katika Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, walilinganisha mambo matatu: zoezi la mtandaoni la kupanga malengo, ujumbe wa simu wa kutia moyo, na mazungumzo ya ana kwa ana na mwanafunzi wa miaka ya juu. Zoezi la mtandaoni halikupandisha alama, wala ujumbe wa simu. Mazungumzo yalipandisha, tena kwa takriban alama 5 katika 100. Waliokutanishwa na wenzao hao walikuwa wachache, kwa hiyo tusishangilie kupita kiasi, lakini angalia nani alifanya kazi hiyo. Hakuwa profesa. Alikuwa komredi aliyetangulia, aliyekuwa akimtafuta mwenzake mara kwa mara bila kungoja atafutwe.

Mashabiki wa Green Commandos, timu ya soka ya Kakamega School, wanaijua kazi hii. Kelele za kocha kutoka kando ya uwanja ni za timu nzima, lakini beki anayepitwa kila mara huvutwa pembeni wakati wa mapumziko na kuulizwa: wewe ukiwa pale unaona nini?

Kuulizwa unaona nini, kwa bahati mbaya, si jambo ambalo wanafunzi wetu wamezoea. Kizuizi kikubwa hapa kwetu ni heshima. Mtoto aliyelelewa vizuri Ikolomani au Malava habishani na mkubwa, na hamkazii macho. Ukimuuliza, "Umeelewa?" atasema, "Ndiyo, mwalimu." "Utarekebisha?" "Ndiyo, mwalimu." Ukimwambia ahamie sayari nyingine ili asome vizuri, bado atasema ndiyo, mwalimu, ashukuru, na afunge mlango taratibu. Adabu hiyo inapendeza mbele ya mzee kijijini, lakini ofisini inaficha kila kitu ulichohitaji kujua. Ndiyo maana faili za vyuo vingi zimejaa fomu zilizotiwa sahihi chini ya neno "ameshauriwa", na aliyeshauriwa hakusema zaidi ya maneno mawili.

Kwa hiyo shika kanuni hii kabla ya nyingine: usiulize swali linaloweza kujibiwa kwa ndiyo. Usiulize pia "mbona umefeli?", kwa sababu anayeulizwa hivyo hutafuta kisingizio kinachokubalika na wakubwa, kama ugonjwa au matanga, hata kama sababu yenyewe ni nyingine. Swali ninalolipendekeza ni la kawaida kabisa. Chagua siku moja ya juzijuzi umwombe akusimulie ilivyokwenda, tangu alipoamka.

Mfano ufuatao nimeuunga kutokana na visa vya vijana wengi, ili asitambulike mtu. Ni kijana wa mwaka wa pili anayesomea uhandisi, na hesabu imemwangusha.

"Jumanne iliyopita uliamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, mwalimu."

"Ukaanza na nini?"

"Nikaenda kuchukua pikipiki kwa mwenyewe."

"Ukabeba watu mpaka saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu hivi. Watu wa kazini na watoto wa shule huwa wameisha."

"Na hesabu inaanza saa ngapi?"

"Saa mbili." Kimya. "Huwa naingia saa tatu kasorobo, nakaa nyuma. Nakuta ubao umejaa."

"Ukiukuta umejaa unafanyaje?"

"Napiga picha."

"Hizo picha ziko wapi?"

Kijana anatoa simu. Anatafuta, anapandisha juu, anashusha chini. Picha za ubao zipo nyingi ajabu, zimechanganyika na za harusi ya binamu yake, risiti za petroli, na ng'ombe dume aliyempiga picha Khayega siku ya mapigano. Hajafungua tena hata moja ya ubao tangu alipoipiga. Analigundua hilo mwenyewe, simu ikiwa mkononi mwake, bila mwalimu kusema neno.

Tazama yaliyofanyika hapo. Hakuna aliyelaumiwa. Kila swali lilikuwa dogo na jibu lake linajulikana, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kutunga. Na sasa mezani kuna mambo mawili ya kweli, saa za pikipiki na picha zisizofunguliwa, ambayo hayakuwa kwenye faili lolote.

Hapa ndipo walimu wengi hupotezea kila kitu. Mwalimu amekwisha kuona dawa, na ulimi unamwasha: "Wacha bodaboda, soma!" Lakini pikipiki ile ndiyo inayolipa kodi ya chumba. Ukimwambia aiache atasema ndiyo, mwalimu, na kesho alfajiri atakuwa Lurambi kwenye steji kama kawaida, ila sasa atakukwepa. Muulize yeye: "Katika hayo uliyonisimulia, ni lipi unaweza kulibadilisha wiki hii?" Kisha nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi, na ukifika kumi uanze tena. Kimya kinamuumiza mwalimu kuliko mwanafunzi, nasi tuliozoea kusimama mbele ya darasa tunakijaza haraka mno. Kijana wetu, akiachiwa nafasi, anaweza kusema kwamba kuna mwenzake anayeitaka pikipiki ile Jumanne asubuhi na kwamba watabadilishana na Jumamosi. Usingeweza kulifikiria hilo, kwa kuwa humjui huyo mwenzake wala hujui bei ya pikipiki kwa siku.

Pia anaweza kusema upuuzi. Yumkini akasema ataamka saa nane za usiku kila siku kusoma. Usimcheke. Muulize mara ya mwisho aliamka saa nane lini na ikawaje. Atajipunguzia mwenyewe.

Kuna neno jingine la kulihofia, tena ni tamu kuliko ndiyo: "nitajitahidi". Mwanafunzi akisema atajitahidi, mazungumzo hayajaisha. Atajitahidi kufanya nini, siku gani, saa ngapi, ameketi wapi? Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer alionyesha katika makala yake ya mwaka 1999 kwamba mtu anayepanga mapema saa na mahali pa kufanyia jambo hulitimiza mara nyingi zaidi kuliko mwenye nia njema tupu. "Nitajitahidi katika hesabu" ni nia njema tupu. "Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni, nikitoka tu darasani, naingia maktaba kabla sijafika kwenye chumba changu, nanakili kwa mkono picha za ubao za siku hiyo na kujaribu maswali mawili" ni mpango. Sehemu ya "kabla sijafika kwenye chumba changu" inafaa kuliko inavyoonekana. Anayewajua majirani wa vyumba vya kupanga, muziki wao na chapati zao, anajua kwamba ukishavua viatu hutoki tena.

Mpango uwe mmoja. Mwalimu mwenye huruma hutaka kumtoa kijana na mambo saba: usingizi, marafiki, kamari ya simu, maktaba, kanisa, lishe, ratiba ya rangirangi. Atatoka na saba, hatafanya hata moja, na atarudi kwa aibu au asirudi. Uandikwe na yeye mwenyewe, kwa mwandiko wake, kwenye daftari lake au simu yake. Usimwandikie wewe. Nawe andika mstari mmoja kwenye kijitabu chako ili siku ya kurudi usimuulize kitu tofauti.

Sasa siku ya kurudi. Itajeni kabla hajainuka: Jumanne ijayo saa saba na robo, dakika kumi tu. Dakika kumi hizo zina kazi kubwa kuliko nusu saa ya kwanza, kwa kuwa ndizo zinazomwonyesha kwamba ulimaanisha ulichosema. Atakuja na moja ya habari tatu. Ikiwa amefanya, muulize imemfaa nini na nini kilimsaidia kuweza, kisha aongeze kidogo. Ikiwa amefanya nusu, hesabu ile nusu. Kama maktaba ya Jumanne iliwezekana na ya Alhamisi haikuwezekana, Alhamisi kuna nini? Ikiwa hakufanya kabisa, jizuie usianze hotuba uliyoiacha mlangoni. Mwambie, "Basi mpango ulikuwa mkubwa au haukuwa wako. Ilikuwaje?" Mara nyingi utakuta ulikuwa wako wewe, naye aliukubali kwa adabu.

Na asipokuja? Wengi wetu huandika "hakufika" na kuona haki imetendeka. Asiyekuja ndiye uliyemlenga. Mpigie simu jioni ile ile, kwa sauti yako, usimtumie ujumbe. "Nilikungoja saa saba na robo. Uko salama? Kesho saa ngapi utapita?" Simu ya dakika moja, bila lawama. Kijana aliyefeli huona aibu, na anayeona aibu akipita karibu na ofisi yako huzunguka nyuma ya jengo. Akisikia sauti isiyo na hasira, njia inafupika.

Mahali pa kukutania si jambo dogo. Ofisi ya walimu yenye meza nne na wenzako watatu wakisahihisha si mahali. Hakuna atakayesema hapo kwamba amekula chai kavu siku mbili. Chumba kilichofungwa mlango nacho si mahali, hasa mwalimu akiwa mwanamume na mwanafunzi msichana. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inawabana wenye mamlaka wanaowasumbua walio chini yao, na kila chuo kina hadithi zake ambazo sote tunazijua. Benchi chini ya mti, mahali watu wanawaona lakini hawawasikii, latosha kabisa, mchana, mvua ya Kakamega ikikubali, maana baada ya saa tisa mara nyingi haikubali. Keti pembeni yake badala ya kumkabili. Weka simu mfukoni. Na umwambie mwanzoni kwamba yatakayosemwa hayatafika kwa wengine isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini, kisha ulitunze neno hilo hata kwenye chai ya walimu. Karatasi zako nazo zitunze. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haikuwekewa mabenki peke yao.

Lugha nayo. Tunafundisha kwa Kiingereza, na mwanafunzi anayeogopa hujibu kwa Kiingereza cha fomu: maneno mazuri yasiyosema kitu. Anza kwa Kiswahili uone mabega yake yanavyoshuka. Akihamia Kiluhya, na wewe unakijua, mfuate. Usianzishe wewe, kwa kuwa Mteso au Mgiriama aliyeketi mlangoni akingoja zamu yake atadhani ushauri hapa ni wa wenyeji.

Utaulizwa pia namna ya kusoma, maana wengi hawajawahi kufundishwa. Desturi ya vyuo vyetu ni kesha: usiku mmoja kabla ya mtihani, chupa ya chai, madaftari yanasomwa na kurudiwa hadi majogoo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walilinganisha waliosoma kifungu na kukirudia kukisoma na wale waliokisoma, wakakifunika na kujaribu kukikumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi. Ndiyo siri ya kesha: alfajiri kichwa kinaonekana kimejaa, na kwa mtihani wa asubuhi ile kinaweza hata kukuokoa, lakini somo la muhula ujao linalojengwa juu yake halikuti kitu. Mwambie mwanafunzi afunge daftari, aandike anachokumbuka kwenye karatasi tupu, kisha afungue aone alichokosa. Mpe karatasi ya mtihani wa mwaka jana kama unayo. Hilo linatosha kwa siku moja.

Kuna matatizo yasiyotibiwa kwa mazungumzo hata kidogo, na ni dhuluma kuyafanya yawe ya tabia. Mwanafunzi ambaye alama zake hazionekani kwenye mfumo ingawa mtihani aliufanya hana tatizo la nidhamu. Usimuulize aliamka saa ngapi. Inuka, nenda naye idarani, tafuteni karatasi. Ambaye mkopo wake wa HELB umechelewa, au aliyewekwa kwenye kundi lisilomfaa katika mfumo wa ufadhili ulioletwa mwaka 2023, anahitaji kuonyeshwa mahali pa kukatia rufaa, fomu ya basari ya kaunti au ya eneo bunge, na ofisi inayoweza kumruhusu kulipa karo kidogo kidogo kabla ya kadi ya mtihani kuzuiwa. Mwenye njaa anahitaji chakula. Mshauri mzuri ana ukurasa mmoja wa majina na namba za simu za ofisi hizo, na amekwisha kuongea na watu wenyewe, ili anapomtuma mwanafunzi asimtume kwenye mlango uliofungwa.

Halafu kuna huzuni. Kijana aliyekuwa mchangamfu na sasa haongei, anayegawa vitu vyake, asiyelala, anayesema dunia ingekuwa nyepesi asipokuwepo: hapo mpango wa maktaba uweke kando. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Usimwache peke yake, mpeleke kwa mshauri nasaha wa chuo au hospitalini, na kama ni usiku, laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, haina malipo. Wewe si daktari, na hutakiwi kuwa. Lakini usidharau unachoweza. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza nyanya wa Harare, Zimbabwe, kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza watu waliolemewa. Nyanya humwacha mgonjwa aeleze yote, humwomba achague shida moja kati ya alizotaja, humsaidia kupata hatua yake mwenyewe, na humpangia siku ya kurudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipungukiwa na dalili za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Nyanya hao hawakuwa na shahada. Walikuwa na utaratibu na subira.

Wingi wa wanafunzi ndio utetezi wa kila mwalimu, na ni wa haki. Hakuna mwenye madarasa matano anayeweza kuketi na watu mia nne. Basi usiketi na mia nne. Chukua wanane. Nusu saa kwa kila mmoja ni saa nne, unazigawa katika wiki mbili, na baada ya hapo ni dakika kumi kumi. Anza wiki ya tatu, matokeo ya jaribio la kwanza yakitoka, kwa kuwa wiki ya kumi na mbili kinachobaki ni maombi. Usiwachague walioanguka tu. Mwenye asilimia 57 anayeweza kufika 60 na kuingia daraja la pili la juu naye anafaa, na habari zake zikienea hakuna atakayesema benchi lako ni la waliofeli. Ikiwezekana, badilishana na mwenzako: wewe uketi na wanafunzi wake, yeye aketi na wako. Ni vigumu mtu kukuambia ukweli kuhusu kipindi chako ilhali wewe ndiwe utakayesahihisha karatasi yake mwezi ujao.

Kwa wanafunzi wa miaka ya juu, nyinyi mna faida ambayo mwalimu hana: mlipanga vyumba vile vile, mlikula omena ya mkopo ile ile, mlifanya sapu na mkasimama tena. Msiugeuze mkutano kuwa simulizi ya ushujaa wenu. Dakika mbili za habari zako zatosha. Zilizobaki ni zake. Usimwandikie kazi ya nyumbani, usimkopeshe pesa ambazo huwezi kuzisamehe, na ukiona jambo linakuzidi kimo, mpeleke kwa mwalimu unayemwamini siku hiyo hiyo.

Baada ya mikutano mitatu angalia kijitabu chako. Kama mistari yake inasogea, hata polepole, anza kuitenganisha mikutano: wiki mbili, kisha tatu, kisha mwanafunzi akupigie mwenyewe akitaka. Kama haijasogea, huenda hamkulingana tu, kama inavyotokea kwa watu. Mtafute mwenzako mmoja, mweleze bila kutoa siri, kisha mwambie mwanafunzi waziwazi kwa nini unamkabidhi, mpigie huyo mwenzako simu mbele yake, na wapange siku na saa kabla hajainuka kwenye benchi.